Usawa wa kijinsia: tupime kwanza, tubishane baadaye

NDUGU Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuchangie mjadala wa ufeministi ambao wasomaji wamekuwa wakiuendesha. Upande mmoja unasema wanawake bado wanapunjwa kazini, kwenye siasa na nyumbani. Upande wa pili unasema sheria zimeshasawazisha mambo, na kilichobaki ni maumbile na uamuzi wa mtu binafsi. Sisi kazi yetu ni kukagua mishahara na madaraja ya kazi. Tunachokiona ni kwamba mara nyingi pande zote mbili zina takwimu za kweli, ila kila moja inajibu swali lake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Chukua kampuni ya mfano yenye watu 100, wanaume 50 na wanawake 50. Daraja la juu lina wanaume 20 na wanawake 5, kila mmoja analipwa 40 kwa saa, sarafu yoyote uitakayo. Daraja la chini lina wanaume 30 na wanawake 45, kila mmoja 10 kwa saa. Kwa wanaume, 20 mara 40 ni 800, ukiongeza 300 ya daraja la chini unapata 1,100. Gawa kwa 50, wastani ni 22. Kwa wanawake, 200 na 450 ni 650; gawa kwa 50, wastani ni 13. Pengo ni 9, karibu asilimia 41 ya malipo ya mwanamume. Mkurugenzi naye atakuonyesha kwamba ndani ya kila daraja pengo ni sifuri, na wala hadanganyi. Akija mtu wa tatu akawapanga wafanyakazi kwa mstari kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi, akamtazama aliye katikati, atakuta mwanamume wa katikati analipwa 10 na mwanamke wa katikati analipwa 10. Pengo ni sifuri tena, na safari hii ni kwa kampuni nzima.

Orodha ni moja, majibu ni matatu. Ukiuliza kama watu wa kazi moja wanalipwa sawa, jibu ni la mkurugenzi. Ukiuliza fedha za kampuni zinaishia mikononi mwa nani, jibu ni lile la asilimia 41. Anayeandika gazetini kwamba "wanawake wanalipwa pungufu kwa asilimia fulani" bila kusema ni wastani au ni mtu wa katikati, ni kwa saa au kwa mwezi, ni kampuni nzima au ni daraja moja, hajatuambia kitu bado.

Ukaguzi wenyewe si uchawi. Unaanza kwa kugeuza malipo yote yawe ya saa moja, kwa kipindi cha miezi 12. Ukilinganisha mshahara wa mwezi wa mtu wa saa 45 kwa wiki na wa mtu wa saa 30, unalikuza pengo bila sababu. Ukichukua mshahara wa msingi peke yake ukaacha bonasi, posho na saa za ziada, unalificha. Kwa uzoefu wa kazi hii, mahali pa kutazama kwanza ni bonasi inayoamuliwa na mkuu wa idara bila vigezo vya maandishi. Pa pili ni mshahara wa kuanzia kazi. Mwajiri akimuuliza mwombaji "ulikuwa unalipwa kiasi gani ulikotoka?" kisha akamwongezea asilimia 10, anahamisha pengo la mwajiri wa zamani na kulipandikiza kwake, na baada ya hapo kila nyongeza ya asilimia inalitanua kwa fedha taslimu.

Kosa la wakaguzi wengi liko kwenye kuchuja kupita kiasi. Mkaguzi hulinganisha watu wa daraja moja, cheo kimoja na miaka sawa kazini, akaona pengo limeyeyuka, akafunga faili. Kumbe daraja lenyewe ndilo lililogawiwa kwa upendeleo! Kwa hiyo ni lazima kurudi kwenye kumbukumbu za kupandishwa vyeo na kuhesabu hatua kwa hatua: wangapi walistahili, wangapi waliomba, wangapi waliitwa kwenye usaili, wangapi walipata. Tuseme kwa miaka mitano wanaume 30 waliomba kupanda na 12 wakapata, yaani asilimia 40. Wanawake 45 waliomba na 9 wakapata, asilimia 20. Miongozo ya Marekani ya mwaka 1978 kuhusu uteuzi wa wafanyakazi ina kipimo rahisi: kiwango cha kundi moja kikishuka chini ya sehemu nne kati ya tano (asilimia 80) za kile cha kundi linaloongoza, mwajiri ana jambo la kueleza. Hapa 20 kwa 40 ni nusu, chini kabisa ya asilimia 80. Lakini tahadhari: kwa idadi ndogo namna hii bahati nasibu bado haijaondoka mezani, na wanawake wachache tu zaidi wangepanda picha ingebadilika. Ongeza miaka au unganisha idara kabla ya kumtuhumu mtu.

Hatua ambayo pengo linaanzia ndiyo inayoelekeza dawa. Likianzia kwenye kuomba, tazama masharti ya tangazo na saa za kazi ya cheo hicho. Likianzia kwenye usaili, tazama maswali: je, kila mwombaji aliulizwa yaleyale kwa mpangilio uleule, na kila msaili aliandika alama zake kabla ya kusikia maoni ya mwenyekiti? Semina za siku moja kuhusu kubadili mitazamo tunaziona zikinunuliwa kwa wingi. Fomu ya usaili iliyopangwa vizuri ni rahisi zaidi, na tungeichagua hiyo kwanza.

Sasa tuje kwenye neno linalosahaulika kuliko yote katika mjadala huu, nalo ni thamani. Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, hauishii kwenye kazi inayofanana. Unataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tofauti hiyo ilionekana wazi Dagenham, Uingereza, mwezi Juni 1968, wanawake mafundi cherehani walioshona vifuniko vya viti vya magari ya Ford walipogoma. Kampuni ilikuwa imewaweka daraja B, la wasio na ujuzi mkubwa, ilhali ili kuajiriwa walilazimika kufaulu jaribio la kushona. Wao walidai daraja C. Juu ya hapo, walilipwa asilimia 85 ya malipo ya mwanamume wa daraja hilohilo B. Baada ya wiki tatu viti vilikwisha na uzalishaji ukakwama, wakapandishiwa hadi asilimia 92. Watu wengi husimulia kisa hiki kama ushindi kamili na chanzo cha sheria ya malipo sawa ya 1970. Sheria ni kweli ilifuata. Lakini dai la daraja lilisubiri hadi 1984, na mgomo mwingine.

Kupima thamani ya kazi kuna utaratibu wake. Kazi inapewa alama kwa mambo manne: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira. Kila jambo linavunjwa vipande, kila kipande kinapewa uzito, kisha kazi (siyo mtu anayeifanya) inapewa alama na kamati yenye wanaume na wanawake wanaozifahamu kazi hizo. Panapoharibika ni kwenye uzito. Fomu za zamani hutoa alama kwa kunyanyua kilo 25 mara chache kwa siku, na hazitoi chochote kwa kusimama saa nane, kumgeuza mgonjwa kitandani au kumtuliza mteja anayetukana. Hutoa alama kwa kusimamia fedha na mitambo, zikasahau kusimamia uhai wa watoto 30 darasani. Kazi ya wanaume ikikosa alama mahali fulani, mtu huiona haraka na fomu hurekebishwa. Ikikosa ya wanawake, huitwa kipaji cha asili. Usahihi unataka pia upande wa pili: hatari ya kuanguka, joto kali na kazi za usiku zipewe alama zake kamili, na mara nyingi hizo zitawapandisha wanaume. Iceland ililifanya jambo hili kuwa la lazima kuanzia Januari 2018: mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi alitakiwa kuthibitisha kwamba mfumo wake wa malipo unalipa sawa kazi zenye thamani sawa, na ithibati hiyo ilipaswa kuhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Mzigo wa kuthibitisha ulihama kutoka kwa mfanyakazi mmoja anayelalamika kwenda kwa mwenye orodha ya mishahara. Tunaona huo ndio uamuzi wa busara zaidi uliofanywa katika eneo hili.

Wanaosema mwanamume na mwanamke wameumbwa tofauti hawajakosea. Wanachoacha kusema ni kiasi. Mwaka 2005 mwanasaikolojia wa Marekani Janet Hyde alipitia chambuzi 46, kila moja ikiwa imejumlisha tafiti nyingi za awali kuhusu uwezo wa akili, mawasiliano, tabia na hisia. Asilimia 78 ya tofauti zilizopimwa zilikuwa ndogo au karibu na sifuri. Zilizokuwa kubwa zilikuwepo, kama kasi na umbali wa kurusha kitu, na baadhi ya mambo yahusuyo kujamiiana. Uchokozi wa kutumia nguvu ulikuwa na tofauti ya kati. Tofauti ambayo watakwimu huiita ndogo maana yake ni hii: okota mwanamume mmoja na mwanamke mmoja bila kuchagua, mwanamume atamzidi mwanamke mara 56 katika 100, na mwanamke atamzidi mwanamume mara 44. Urefu wa mwili ni habari nyingine, kwani hapo mwanamume humzidi mwanamke karibu mara 90 katika 100. Anayemnyima mtu kazi kwa kigezo cha 56 kwa 44, ilhali anaweza kumpa jaribio la nusu saa na kumwona mwenyewe, ameamua kutupa sarafu badala ya kutazama.

Hata hivyo wafeministi wenzetu nao wasikimbilie kusema tofauti ndogo haina athari popote. Kama makundi yote mawili yametawanyika kwa namna moja, tofauti hiyohiyo ya 56 kwa 44 ikipelekwa kwenye ncha kabisa, kwa mtu mmoja au wawili katika kila 1,000, huzaa karibu wanaume wawili kwa mwanamke mmoja. Kutokuwa nusu kwa nusu kwenye ncha hiyo si ushahidi wa ubaguzi peke yake. Ila tuwe wakweli kuhusu kazi tunazozijadili: ukarani, uhasibu, udereva, ualimu na uongozi wa idara haziko kwenye ncha hiyo.

Kuna pia pahali ambapo kujifanya hakuna tofauti kumewaumiza wanawake. Mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa mwongozo uliowaondoa wanawake wenye uwezo wa kushika mimba kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, na mwongozo huo ulidumu hadi 1993. Nia ilikuwa kulinda mimba. Matokeo yake dozi nyingi zilipangwa kwa mwili wa kiume, na mwanamke akahesabiwa kuwa mwanamume mwenye kilo pungufu. Dawa ya usingizi iitwayo zolpidem ni mfano unaoweza kupimwa. Kwa miaka mingi dozi ya kawaida ilikuwa miligramu 10 kwa wote. Vipimo vya damu saa nane baada ya kumeza dozi hiyo vilionyesha kuwa karibu asilimia 15 ya wanawake, dhidi ya asilimia 3 ya wanaume, walikuwa bado na kiwango kinachoweza kumharibia mtu udereva. Januari 2013 dozi iliyopendekezwa kwa wanawake ikashushwa hadi miligramu 5. Haki sawa hapa ilikuwa kila mtu aamke salama, na ilihitaji vidonge visivyolingana.

Mgogoro huu wa kutendewa sawasawa au kutendewa kulingana na hali umewagawa wafeministi wenyewe, na wanaowaandika kama kundi lenye sauti moja hawajafuatilia. Waliberali hutaka sheria isiyotaja jinsia. Wasoshalisti hutazama nani anafua, anapika na kulea bila malipo. Wenye msimamo mkali huanza na mwili na ukatili. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw, mwaka 1989, alionyesha kesi dhidi ya General Motors ambapo wanawake weusi walishindwa kwa sababu kampuni ilikuwa ikiajiri wanawake (weupe, ofisini) na ikiajiri watu weusi (wanaume, kiwandani). Mahakama haikuona wao wamebaguliwa kama nani. Na mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kuhusu sheria ya California iliyompa mjamzito likizo isiyo na malipo ya hadi miezi minne na haki ya kurudi kazini, wafeministi walikaa pande tofauti za shauri. Wapo walioogopa kwamba haki ya mwanamke peke yake itamfanya mwajiri amkwepe, wakataka likizo ya namna hiyo ipewe kila anayeshindwa kazi kwa sababu za kiafya. Wengine walisema mwanamume hajawahi kuambiwa achague kati ya mtoto na ajira, hivyo sheria inamfikisha mwanamke alipo mwanamume. Mahakama ilikubaliana na hawa wa pili. Woga wa wale wa kwanza haukuwa wa kijinga, tutaurudia hapa chini.

Kuhusu viti vya wanawake bungeni hatutasema mengi, maana wengi wameandika. Jambo moja tu: asilimia iliyoandikwa kwenye sheria haitoshi. Argentina mwaka 1991 iliagiza angalau asilimia 30 ya wagombea wawe wanawake na wawekwe kwenye nafasi zenye uwezekano wa kushinda. Brazil nayo iliweka asilimia 30 mwaka 1997, lakini vyama havikulazimishwa kuzijaza nafasi hizo, na mpiga kura huchagua jina mojamoja badala ya orodha iliyopangwa. Hata baada ya uchaguzi wa 2014 wanawake hawakufika asilimia 10 ya bunge lake la chini.

Turudi kwenye malipo, maana ndiko ubishi wa kweli ulikobaki. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya pengo la leo huanza anapozaliwa mtoto wa kwanza. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2019, uliotumia kumbukumbu za serikali, ulikuta mapato ya baba na mama yakienda sambamba hadi mtoto anapozaliwa. Baada ya hapo ya mama hushuka na hubaki chini kwa karibu asilimia 20 kwa muda mrefu, na ya baba hayatikisiki. Wale wa "ni uamuzi wa mtu binafsi" watasema mama aliamua. Sawa, lakini aliamua akiwa na hesabu gani mbele yake? Kazi nyingi humlipa zaidi anayekubali kuitwa saa yoyote. Wazazi wawili wakigawana malezi nusu kwa nusu, wote wanayakosa malipo hayo ya ziada. Mmoja akibaki na mtoto, familia inayapata. Familia hupiga hesabu, na hesabu humwangukia yule ambaye tayari analipwa kidogo.

Likizo ya baba hupunguza tatizo ikiwa na masharti mawili: iwe yake peke yake, asipoichukua ipotee, na ilipwe karibu na mshahara wake. Norway ilianza mwaka 1993 kwa wiki nne. Iceland mwaka 2000 ilipitisha mpango wa miezi mitatu ya mama, mitatu ya baba na mitatu ya kugawana. Japani inatufundisha upande wa pili: sheria yake inampa baba likizo ndefu, lakini mwaka 2019 waliochukua katika sekta binafsi hawakufika asilimia 8, kwa sababu ofisini kuondoka kulihesabiwa kuwa ni kuwatupia wenzako mzigo. Sheria nzuri bila mtu wa kushika nafasi ya aliyeondoka hubaki karatasi.

Halafu kuna suala la anayelipia. Likizo ya uzazi ikilipwa na mwajiri kutoka mfukoni mwake, kila mwanamke wa umri wa kuzaa anakuwa gharama inayotarajiwa hata kabla ya usaili, na ule woga wa 1987 unatimia. Ndiyo maana Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka wiki zisizopungua 14, malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mapato, na fedha zitoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa umma. Mchango uhesabiwe kwa wafanyakazi wote, wanaume na wanawake, bila kujali jinsia zao. Wapinzani wa ufeministi wanaotaka mwajiri asibebeshwe mzigo wangepaswa kuwa wa kwanza kuudai mfuko huo.

Mkataba wenyewe una pengo ambalo hatujaona barua yoyote ikiligusa. Unawahusu wanawake walioajiriwa, pamoja na wale wa ajira zisizo za kawaida, mradi wawe chini ya mwajiri. Aliyejiajiri hamo. Kwake hakuna orodha ya mishahara ya kukagua wala mwajiri wa kukata mchango, na mifuko mingi humtaka alete mwenyewe, kila mwezi, kiasi kisichobadilika, wakati mapato yake hupanda na kushuka. Akikosa miezi michache anaondolewa kabla hajajifungua. Tungependa wasomaji wenye ujuzi wa bima waandike jinsi mchango wa namna hiyo unavyoweza kukusanywa kwa msimu au kwa mauzo, na ni miezi mingapi ya kukosa mfuko unaweza kuivumilia.

Wasomaji wako,
Wakaguzi wa mishahara